Boila, Ruzuku na Swali Lililokosekana: Kisa cha Ireland Kaskazini

Februari 2012, kampuni ya ushauri wa uchumi ya CEPA iliikabidhi serikali ya Ireland Kaskazini ripoti ya nyongeza kuhusu ruzuku ya kupasha majengo joto kwa nishati jadidifu. Ripoti ilisema hakuna haja ya kuweka ngazi za malipo, yaani kiwango kinachoshuka kadiri boila inavyowaka zaidi, kwa kuwa katika kila hali ruzuku iko chini ya gharama ya kuni. Kwenye ukurasa huohuo kulikuwa na jedwali. Ruzuku ya boila ndogo za biashara, yaani mitambo ya kuchemsha maji ya kupasha jengo joto, ni peni 5.9 kwa uniti moja ya joto. Gharama ya kuni zake ni peni 4.39 kwa uniti hiyohiyo.

Maneno yanasema hivi, tarakimu zinasema vile, na baina yao hakuna hata upana wa kiganja. Ukurasa huo ulipita mikononi mwa watumishi wa wizara na wachumi, na waziri akauidhinisha mpango. Kanuni zikatungwa, zikapelekwa bungeni, zikapita. Miaka mitano baadaye serikali nzima ilikuwa imevunjika, na Stormont, yaani Bunge la Ireland Kaskazini, likafungwa kwa miaka mitatu.

Kisa hiki huko kwao kinajulikana kwa jina la RHI (Renewable Heat Incentive, yaani motisha ya joto jadidifu), na kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya waziri mmoja, Arlene Foster. Mimi nimevutiwa zaidi na bunge. Kazi ya mbunge anayesimama na swali mkononi ni kuzuia jambo kama hili, na Stormont haikupungukiwa na wabunge, kamati wala vipindi vya maswali. Kwa nini basi hakuna aliyeinyanyua ile karatasi na kuuliza kinachoonekana kwa macho?

Kwanza tuelewe joto lenyewe, maana kwa msomaji wa Tanga au Mombasa sera ya kupasha nyumba joto ni kitu cha ajabu kidogo. Ireland Kaskazini haina mtandao mpana wa gesi kama England. Karibu theluthi mbili ya nyumba hupashwa joto kwa mafuta yanayoletwa na lori na kumwagwa kwenye tangi uani. Bei ya mafuta duniani ikipanda, baridi inaingia ndani. Mwaka 2010 joto lililotokana na vyanzo jadidifu lilikuwa chini ya asilimia 2, na serikali ikajiwekea lengo la asilimia 10 ifikapo 2020. Uingereza kwa ujumla ilikuwa imefungwa na agizo la Umoja wa Ulaya la 2009 kuhusu nishati jadidifu, kwa hiyo lazima kitu kifanyike.

Kulikuwa na njia mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa kutoa ruzuku mwanzoni: mkulima au mwenye hoteli anasaidiwa kununua boila ya kuni, mchezo umekwisha. Ya pili ilikuwa kumlipa kwa kila uniti ya joto anayozalisha, kwa miaka 20. Washauri wenyewe walionyesha kwamba ya kwanza ingekuwa nafuu zaidi kwa mlipakodi. Wizara ikachagua ya pili, kwa sababu ndiyo iliyokwishaanza England, Scotland na Wales mnamo Novemba 2011, na kuiga kulionekana salama.

Lakini hawakuiga yote. Mpango wa upande wa pili wa bahari ulikuwa na kizuizi. Mwenye boila ndogo alilipwa kiwango cha juu kwa saa 1,314 za kwanza za mwaka, ambazo ni asilimia 15 ya saa zote, na zaidi ya hapo malipo yakashuka sana. Aliyewasha boila usiku na mchana bila sababu alijiumiza mwenyewe. Kanuni za Belfast ziliandikwa kwa kunakili zile za London karibu neno kwa neno, na kizuizi hicho kikaachwa nje kwa sababu ripoti ya washauri ilisema hakihitajiki.

Fanya hesabu mwenyewe. Boila ya kilowati 99 ikiwaka mwaka mzima, saa 8,760, inatoa uniti 867,240. Kwa peni 5.9 mwenye boila anapokea kama pauni 51,000. Kuni zake, ambazo ni pelleti, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa kuwa punje, zinamgharimu kama pauni 38,000. Anabaki na pauni 13,000 hata kama jengo analolipasha joto halina mtu wala kuku ndani yake. Kiwango cha malipo kilipanda kila mwaka kufuata mfumuko wa bei huku bei ya pelleti ikishuka, na baadaye ikawa kawaida kusema kwamba kwa kila pauni 1 ya kuni ilirudi pauni 1.60. Ni kama serikali ikupe shilingi 1,600 kwa kila mkaa wa shilingi 1,000 unaouchoma, ukipika usipike. Watu wakaubatiza mpango huo jina la pesa kwa majivu.

Halafu kuna ile namba 99. Boila ikifika kilowati 100 iliingia kundi lingine lenye kiwango cha chini kabisa. Kwa hiyo aliyehitaji boila moja kubwa akafunga mbili tatu za kilowati 99. Hakuna sheria aliyovunja. Anayetunga ruzuku anatunga pia tabia, na wenye mali huisoma kanuni kwa makini kuliko walioiandika.

Je, hakuna aliyeonya? Alikuwepo. Ofgem, mamlaka ya udhibiti wa nishati iliyopewa kazi ya kuendesha malipo, iliiambia wizara katikati ya 2012 kwamba ingekuwa busara kusubiri, kwani London ilikuwa ikitayarisha vidhibiti zaidi vya gharama. Wizara ikaona kusubiri ni kuchelewa. Mpango ulifunguliwa tarehe 1 Novemba 2012.

Kabla ya hapo, Oktoba 2012, Waziri Foster alizipeleka kanuni mbele ya Bunge. Mjadala ulikuwa wa kirafiki. Wabunge walizipokea kwa mikono miwili: fedha zinakuja, wakulima watanufaika, mazingira yatapona. Suala la ngazi za malipo, lililokuwa tofauti kubwa kuliko zote kati ya mpango wao na wa majirani, halikusimamisha chochote. Miaka kadhaa baadaye, Aprili 2018, Foster aliieleza tume ya uchunguzi kwamba yeye mwenyewe hakuwa amezisoma kanuni zile alizoziwasilisha. Nakiri niliposoma hilo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikajiuliza ni mawaziri wangapi wa kwetu wangethubutu kujibu tofauti wakiwa chini ya kiapo.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na panahitaji kueleweka kwa upande wa fedha. Ruzuku hii haikutoka kwenye mfuko wa kawaida wa serikali ya Belfast. Ilitoka moja kwa moja Hazina ya London, kwenye fungu linalofuata mahitaji, kama yanavyolipwa mafao ya uzeeni. Watu wa Stormont wanayafahamu mafungu hayo mawili tangu siku ya kwanza kazini: pesa yako uliyopangiwa, ambayo ukiizidisha umeumia, na pesa ya London, ambayo usipoitumia inarudi. Kwa miaka minne ya mwanzo Hazina ilitenga pauni milioni 25. Na Hazina ilikwishaandika mwaka 2011 kwamba fungu hili halikuwa sawa na mengine: matumizi yakizidi, Belfast itafidia kutoka mfukoni mwake. Onyo hilo lilikuwa kwenye barua pepe. Ndani ya wizara lilififia kadiri watu walivyobadilishana viti, na picha iliyobaki vichwani ilikuwa ile ya zamani: ni pesa ya London, usipoichukua wewe ataichukua mwingine.

Mtu akiamini hivyo, maswali yake yanageuka. Miaka ya mwanzo mpango ulidorora. Watu wachache walijiunga, na fedha zilizotengwa hazikutumika. Wasiwasi uliotawala, wizarani na kwa wanasiasa, ulikuwa ni kwa nini watu hawajiungi na tufanye nini ili wajiunge. Ukimtazama mbunge wa jimbo la wakulima, huyo alikuwa anafanya kazi yake barabara. Wapiga kura wake wangepata faida, na hakuna mpiga kura ambaye angeumia, angalau hivyo ndivyo ilivyodhaniwa. Swali la gharama halikuwa na mwenyewe. Mlipakodi wa London hana mbunge Stormont.

Waliofuatilia vikao vya Dodoma wanaujua wimbo huu. Swali la msingi linauliza lini mradi utafika jimboni, la nyongeza linauliza kwa nini umechelewa, na waziri anajibu kwamba Serikali inaendelea kulifanyia kazi. Ni nadra mbunge kusimama na kuuliza mradi unaopelekwa kwake utagharimu kiasi gani na nini kitauzuia usivuke bajeti. Angeulizwa nyumbani: wewe uko upande wa nani?

Agosti 2013 onyo lilikuja kutoka nje kabisa. Mwanamke mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa akiuza vifaa vya kupunguza matumizi ya nishati ya kupasha joto, aligundua kwamba wateja hawamtaki tena. Walio kwenye mpango hawakuwa na haja ya kubana matumizi. Kadiri walivyochoma ndivyo walivyolipwa. Alimwandikia waziri, akapelekwa kwa watumishi, akakutana nao Oktoba mwaka huo, akawaeleza kwamba kuna majengo yanapashwa joto madirisha yakiwa wazi. Aliandika tena mwaka uliofuata. Hakuna kilichobadilika.

Inafaa kutua hapa. Huyu mama hakuwa na cheo, hakuwa na kinga ya bunge, hakuwa na watafiti wa kumsaidia. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho wabunge hawakuwa nacho: mpango huu ulikuwa ukimtia hasara. Kwa hiyo aliuona. Nikilinganisha yaliyomo kwenye malalamiko yake na yaliyozungumzwa bungeni kipindi hichohicho, naona kwamba swali zuri la bunge lilikuwa tayari limeandikwa, lipo kwenye sanduku la barua la wizara, lakini halikumfikia mbunge ambaye angelisimamia. Angelipeleka kwenye kamati ya bunge badala ya kwa waziri pengine hadithi ingekuwa fupi. Lakini mwananchi gani anajua hilo? Ukiwa na shida na wizara unamwandikia waziri.

Wizara yenyewe ilifika karibu kabisa na suluhisho mwaka huohuo wa 2013. Ilitoa waraka wa mashauriano uliopendekeza vizingiti vya kusitisha malipo mapya gharama zikizidi. Kisha ikaliweka hilo kando ili kwanza imalize mpango mwingine wa nyumba za watu binafsi, uliofunguliwa Desemba 2014. Katikati ya hapo watumishi wote wakuu walioujenga mpango wa biashara waliondoka mmoja baada ya mwingine kwenda idara nyingine. Waliorithi viti hawakurithi kumbukumbu. Kibali cha Wizara ya Fedha cha kuendelea kutumia pesa kilikwisha muda wake tarehe 31 Machi 2015, na hakuna aliyekumbuka kuomba kipya. Kuanzia Aprili serikali ilikuwa ikilipa bila idhini na haina habari.

Kiangazi cha 2015 watumishi wapya waligundua kinachoendelea na kumpelekea waziri mpya, Jonathan Bell, pendekezo la kupunguza malipo. Foster alikuwa amehamia Fedha. Kilichofuata ni wiki na wiki za mvutano baina ya washauri maalumu wa DUP, chama cha Foster na Bell, wale wasaidizi wa kisiasa ambao hawakuchaguliwa na mtu yeyote lakini bila wao karatasi haisogei. Tarehe ya kubadili viwango ilisogezwa hadi 18 Novemba. Habari ilikwishavuja kwa wauza boila na wafugaji wa kuku, baadhi yake kutoka ndani ya serikali yenyewe. Kati ya Septemba na Novemba maombi 984 yakaingia. Mpango mzima, tangu 2012 hadi kufungwa, ulisajili boila 2,128. Karibu nusu zilikuja katika msimu mmoja, watu wakikimbilia mlango unaofungwa.

Wafugaji wa kuku ndio walioongoza, na sitaki wasomwe kama wezi. Vifaranga wanahitaji joto kwelikweli, na wengi waliweka boila kwa mkopo wa benki baada ya kuhakikishiwa na serikali malipo ya miaka 20. Tume ya uchunguzi ilikuja kukuta kwamba ubaya mkubwa ulikuwa kwenye mpango wenyewe.

Na bunge? Mapema 2016 serikali iliposema sasa inaufunga mpango moja kwa moja, shinikizo la wabunge wa vyama kadhaa halikuwa kwamba mmechelewa. Lilikuwa kwamba mnafunga haraka mno, wapo watu wamekwishaagiza boila na hawajamaliza kufunga. Serikali ikalegeza, ikaongeza wiki mbili, mpango ukafungwa tarehe 29 Februari 2016. Kila jicho lililotazama mpango huu kutoka kwenye viti vya bunge, mwanzo hadi mwisho, lilitazama upande wa anayepokea.

Aliyetazama upande wa pili alikuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ripoti yake ya Julai 2016 ilieleza jinsi mpango ulivyokosa kizuizi na ikataja tuhuma, iliyoletwa na mtu asiyejitaja jina, ya mkulima aliyetarajia kupata kama pauni milioni 1 kwa miaka 20 kwa kupasha joto banda tupu. Kamati ya bunge ya hesabu ikaanza kuwahoji watumishi. Hapo, kwa mara ya kwanza, maswali yakawa makali na mahususi: nani aliona ukurasa ule, lini, alifanya nini. Ilikuwa kazi nzuri. Ilikuja baada ya mikataba 2,128 ya miaka 20 kuwa imesainiwa.

Desemba 2016 kipindi cha uchunguzi cha BBC kiliurudisha mkasa mezani kwa hadhira pana, na hesabu ikatangazwa: mpango ungevuka bajeti kwa takriban pauni milioni 490 katika miaka 20. Foster wakati huo alikuwa Waziri Kiongozi. Siku chache baadaye Bell alijitokeza kwenye televisheni akidai kwamba washauri wa chama chake mwenyewe walimzuia kuufunga mpango, Foster akakanusha. Tarehe 19 Desemba Bunge lilipiga kura ya kumsimamisha. Waliounga mkono 39, waliopinga 36, na hoja ikaanguka.

Ilianguka vipi ilhali ilikuwa na kura nyingi? Kwa kuwa Stormont ni bunge la mapatano. Tangu Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, jambo zito linaweza kudaiwa lipate wingi wa pande zote mbili, wanaotaka kubaki na Uingereza na wanaotaka Ireland moja. Wa upande wa Foster walimkinga. Mfumo huo umeleta amani, na sina dhihaka nao. Lakini ulimaanisha kwamba waziri hawezi kuondolewa na maswali ya bunge, hata yakiwa makali kiasi gani, maadamu kambi yake imesimama.

Ukabaki mlango mmoja. Waziri Kiongozi na Naibu wake wana mamlaka sawa, na mmoja akitoka mwingine naye anapoteza kiti. Naibu huyo, Martin McGuinness wa Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland moja, akiwa mgonjwa sana, alijiuzulu tarehe 9 Januari 2017. Boila hazikuwa sababu pekee. Siku mbili kabla ya Krismasi waziri wa DUP alikuwa amefuta ruzuku ndogo ya pauni 50,000 ya kuwasaidia watu kujifunza lugha ya Kiayalandi, na kwa upande wa pili hilo lilichoma zaidi ya mamilioni. Uchaguzi ukafanyika Machi 2. DUP viti 28, Sinn Féin 27. McGuinness alifariki wiki hizo hizo. Serikali haikuundwa hadi Januari 2020.

Tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu Sir Patrick Coghlin ilitoa ripoti Machi 2020, yenye matokeo 319 na mapendekezo 44. Waliosubiri kusikia neno ufisadi walivunjika moyo. Tume ilisema chanzo hakikuwa rushwa wala nia mbaya. Yalikuwa makosa na mapungufu yaliyorundikana juu ya mengine kwa muda mrefu. Kuna waliouita uamuzi huo wa kusafisha watu. Kwangu mimi unatisha zaidi. Mwizi ukimkamata umemaliza. Hawa walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakifanya kazi zao.

Jambo moja lililotoka kwenye ushahidi linagusa moja kwa moja suala la maswali. Mkuu wa utumishi wa umma aliiambia tume kwamba ilikuwa imezoeleka baadhi ya mikutano ya mawaziri isiandikiwe kumbukumbu, kwa hofu kwamba wananchi wangeziomba kwa sheria ya haki ya kupata taarifa. Sasa mbunge aulize nini? Swali la bunge linadai jibu, na jibu linadai karatasi. Karatasi isipoandikwa, waziri anaweza kusimama na kusema kweli tupu kwamba wizara haina kumbukumbu hiyo.

Ili kuona ni swali la namna gani linalofanya kazi, tuvuke bahari kidogo hadi London, kwenye mikasa mingine miwili ya kipindi hicho, mmoja wa teknolojia na mmoja wa uhamiaji. Kwa miaka mingi mbunge James Arbuthnot aliwasumbua mawaziri kuhusu wakuu wa posta za vijijini walioshitakiwa kwa wizi kwa sababu ya mfumo wa kompyuta wa Horizon. Jibu alilopata kutoka serikalini lilikuwa kwamba hayo ni mambo ya uendeshaji ya Shirika la Posta lenyewe. Serikali ndiyo mmiliki pekee wa shirika, lakini swali likirushwa kwa mmiliki linadunda kwa menejimenti, na menejimenti haikai bungeni. Alikuwa sahihi tangu mwanzo, na ilichukua zaidi ya muongo mmoja na mahakama kuthibitisha hivyo.

Kwenye uhamiaji, David Lammy alisimama tarehe 16 Aprili 2018 na swali la dharura kuhusu wazee wa kizazi cha Windrush, watu waliofika kihalali kutoka visiwa vya Karibi wakiwa watoto na sasa wakitakiwa kuthibitisha haki ya kuishi Uingereza. Alitaka namba: wangapi wamefukuzwa, wangapi wamewekwa kizuizini? Waziri wa Mambo ya Ndani Amber Rudd hakuwa na namba. Kutokuwa nayo ndiko kulikogeuka habari, na baada ya kukana mbele ya kamati kwamba idara yake ina malengo ya kuwaondoa watu, alijiuzulu tarehe 29 mwezi huohuo.

Lammy aliuliza jambo linalojibika kwa tarakimu, kwa waziri ambaye hakuweza kulisukuma kwa mtu mwingine, na aliuliza huku waathirika wakiwa na majina na sura mbele ya umma. Stormont mwaka 2012 masharti mawili ya kwanza yalikuwepo. Tarakimu zilikuwa zimechapwa, waziri alikuwa mbele yao. La tatu halikuwepo: muathirika hakuwa na sura. Hasara ya mpango ilikuwa bado ipo mbele kwa miaka, imegawanywa kwa mamilioni ya watu, huku faida ikiwa na anwani, shamba na namba ya simu ya mbunge.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba tiba ni wabunge kusoma zaidi. Wasome, ndiyo. Lakini hata aliyesoma ukurasa ule angehitaji sababu ya kusimama na kuharibu sherehe. Ninachokiona cha maana zaidi katika mapendekezo ya tume ni yale ya kawaida kabisa, yasiyotajwa kwenye vichwa vya habari: mikutano iandikiwe kumbukumbu, maonyo ya wananchi yafuatiliwe, mtu anayehama kiti akabidhi kazi kwa maandishi. Haya humpa mbunge kitu cha kushika.

Na mwisho wa mpango wenyewe? Stormont ikiwa imefungwa, viwango vilikatwa na Bunge la Uingereza la Westminster, London, Machi 2019, kwa sheria ya haraka iliyounganisha boila na kodi za majengo ndani ya muswada mmoja. Malipo ya boila ya kawaida yalitoka kama pauni 13,000 kwa mwaka hadi pauni 2,000. Wenye boila walikwishakwenda mahakamani kupinga makato ya awali na kushindwa Desemba 2017. Sasa waliokuwa na mikopo ya benki waliona ahadi ya miaka 20 ikiyeyuka katika mwaka wa saba. Wabunge kadhaa wa Westminster walilalamika kwamba wamepewa muda mfupi mno wa kuichambua hesabu hiyo mpya. Muswada ukapita. Baada ya kupita, kamati ya bunge ya masuala ya Ireland Kaskazini ikaanzisha uchunguzi wa kujua jinsi viwango vile vilivyofikiwa.